Wazungu wa kiinjili wa Marekani na chama cha Republican: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Wamarekani wanapopiga kura, makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu huwaka moto. Mmoja anatuma video ya wachungaji wakimwekea Donald Trump mikono, mwingine anauliza kama wale ni Wakristo kweli, wa tatu anajibu kwa aya ya Biblia, na kabla ya usiku wa manane msimamizi amefunga kundi. Maswali yafuatayo yametoka kwenye mabishano ya namna hiyo. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenilazimu kurudi nyuma miaka hamsini.

Wakristo wa kiinjili ni akina nani hasa?

Ni Waprotestanti wanaoshikilia mambo manne: Biblia ndiyo neno la mwisho, mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili, wokovu umo msalabani, na aliyeokoka ana wajibu wa kuwahubiria wengine. Hilo si dhehebu. Utawakuta kwa Wabaptisti, kwa Wapentekoste, kwa baadhi ya Wapresbiteri, na kwenye maelfu ya makanisa yanayojitegemea yenye bendi, skrini kubwa na maegesho ya magari kama uwanja wa mpira. Jumuiya yao kubwa kuliko zote ni Southern Baptist Convention, yaani Wabaptisti wa Kusini.

Hawana papa wala kadi ya uanachama. Watafiti wa maoni humwuliza mtu swali moja tu: je, wewe ni wa kiinjili, au umezaliwa mara ya pili? Kisha wanatazama rangi aliyojaza kwenye fomu. Kwa hiyo "Wazungu wa kiinjili" ni kisanduku cha dodoso, na ndani ya kisanduku hicho wamo wanaofunga na kuomba kila wiki pamoja na wasiokanyaga kanisani tangu harusi ya dada yao. Hilo tutalirudia.

Yaani ndio walokole?

Kwa mafundisho ni mabinamu. Walokole wetu walitokana na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, na kwa sehemu kubwa ukabaki ndani ya makanisa ya Kianglikana na Kilutheri. Ila ukiambiwa fulani kaokoka, hujui bado kama ni wa CCM au wa upinzani. Marekani, Mzungu akikwambia kaokoka, ungekuwa mtu wa kamari (na mlokole hachezi kamari) ungeweka dau juu ya kura yake na kushinda mara nane katika kumi.

KKKT ni "Kanisa la Kiinjili". Nao wamo?

Hawamo. Neno hilo kwa Walutheri ni la tangu enzi za Martin Luther, na kwa Kijerumani maana yake ni Uprotestanti tu. Kanisa la Kilutheri la Marekani ambalo limeshirikiana na KKKT kwa miongo mingi lina neno hilohilo katika jina lake, lakini huko linahesabiwa miongoni mwa makanisa ya zamani yenye msimamo laini. Mwaka 2009 liliruhusu wachungaji wanaoishi katika mahusiano ya jinsia moja, jambo ambalo KKKT ililipinga waziwazi. Jina moja, nyumba mbili.

Ni wengi kiasi gani, na kura zao huenda wapi?

Kwa takwimu za taasisi ya utafiti ya PRRI, Wazungu wa kiinjili walikuwa asilimia 23 ya Wamarekani mwaka 2006, wakashuka hadi karibu 14 kufikia 2020. Wanapungua, wanazeeka, na vijana wao wengi wanajiita wasio na dini. Lakini siku ya kura wanatokea. Wanaohojiwa wakitoka vituoni, karibu robo huwa ni wao.

Mwaka 2004 asilimia 78 yao walimpigia George W. Bush, 2008 asilimia 74 wakampigia John McCain, 2012 asilimia 79 wakampigia Mitt Romney, 2016 asilimia 81 wakampigia Trump. Miaka ya 2020 na 2024 hesabu ilizunguka palepale, nane katika kumi. Ukiangalia wagombea hao, mmoja ni Mmethodisti aliyeokoka, mwingine hakupenda kuzungumzia dini yake, wa tatu ni Mormoni, wa nne ni mtu aliyewahi kumiliki kasino na kuoa mara tatu. Mgombea anabadilika, asilimia haitikisiki.

Walikuwa Warepublican tangu zamani?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu hupotea.

Wabaptisti wa Kusini walianzisha jumuiya yao mwaka 1845 mjini Augusta, Georgia, kwa sababu wenzao wa Kaskazini walikataa kuwatuma wamisionari wanaomiliki watumwa. (Waliomba radhi kwa hilo mwaka 1995, miaka 150 baadaye.) Chama cha Republican kilikuwa chama cha Abraham Lincoln, aliyeongoza vita vilivyovunja utumwa. Kwa hiyo kwa karibu karne nzima Mzungu wa Kusini, Biblia kwapani, aliipigia kura Democratic kama mtu anavyoishabikia timu ya mtaani kwao. Hakuhitaji sababu, alizaliwa humo.

Mambo yalianza kugeuka pale Lyndon Johnson, Mdemokrati wa Texas, alipotia saini sheria ya haki za raia mwaka 1964 na ya haki ya kupiga kura mwaka 1965, zilizowapa Weusi wa Kusini kile walichonyimwa kwa miaka mia. Wazungu wa Kusini wakaanza kuhama chama. Hawakuhama siku moja. Mwaka 1976 Wademokrati walimsimamisha Jimmy Carter, mkulima wa karanga kutoka kijiji cha Plains, Georgia, mwalimu wa shule ya Jumapili aliyesema hadharani kwamba amezaliwa mara ya pili. Jarida la Newsweek liliuita mwaka ule mwaka wa Wakristo wa kiinjili. Kura zao ziligawanyika karibu nusu kwa nusu.

Miaka minne baadaye mwalimu huyo wa shule ya Jumapili waliachana naye.

Si ni utoaji mimba uliowaingiza kwenye siasa?

Hivyo ndivyo wenyewe wanavyosimulia, na kuna ukweli ndani yake, lakini tarehe zina ubishi wake.

Mwaka 1971, wakiwa St. Louis, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu mimba kutolewa kwa sababu kama ubakaji, maharimu, kasoro kubwa ya mtoto, au afya ya mama, ikiwemo afya yake ya akili. Mahakama ya Juu ilipohalalisha utoaji mimba nchi nzima, Januari 1973, waliopiga kelele zaidi walikuwa Wakatoliki. Wabaptisti walilitamka tena azimio lao mwaka 1974.

Kilichowatoa wachungaji wengi vitini, kwa maelezo ya mwanahistoria Randall Balmer, ni shule. Mahakama ilipolazimisha watoto weupe na weusi wasome pamoja, Wazungu wengi wa Kusini walifungua shule binafsi za Kikristo. Mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alifungua yake mwaka 1967, na gazeti la mji likaitaja kama shule ya wanafunzi weupe. Tangu 1970 mamlaka ya kodi ya serikali ilianza kuzinyima msamaha wa kodi shule zenye ubaguzi. Chuo cha Bob Jones, South Carolina, kilichokataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kilinyang'anywa msamaha wake Januari 1976. Mwaka 1978 mamlaka hiyo ikapendekeza kwamba shule binafsi zithibitishe zenyewe kuwa hazibagui, na barua za hasira zikamiminika Washington kama mvua ya masika. Lawama zote alibebeshwa Carter, ingawa Bob Jones ilipopigwa panga yeye alikuwa bado hajaapishwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1983, chuo kikashindwa kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Marufuku ya uchumba haikuondolewa hadi mwaka 2000.

Wapo wanahistoria wasiokubaliana na Balmer. Wanasema hasira juu ya mimba ilikuwa inakua chinichini miaka yote ile ya 1970, pamoja na uchungu wa tangu 1962 na 1963, mahakama ilipokataza sala na usomaji wa Biblia unaoongozwa na shule za serikali. Mimi naona pande zote mbili zina haki yake: kodi za shule ziliwaamsha viongozi, lakini kodi za shule haziwezi kumtoa mama wa watoto watano nyumbani akagonge milango ya jirani akiomba kura. Mtoto aliye tumboni anaweza. Na imani ya huyo mama si ya kuigiza. Yeyote anayetaka kuwaelewa watu hawa akidhani suala la mimba ni kisingizio tu, atawaelewa vibaya.

Ilikuwaje basi mwaka 1980?

Falwell huyuhuyu, mwaka 1965, alihubiri kwamba kazi ya mhubiri ni kuvua roho za watu, si siasa. Alikuwa akiwasema wachungaji walioandamana na Martin Luther King. Mwaka 1979 akabadili wimbo. Akisukumwa na Paul Weyrich, mwanamikakati wa siasa aliyekuwa Mkatoliki, akaanzisha Moral Majority, jina lenye maana ya Wengi Wenye Maadili. Wakaandikisha wapiga kura makanisani.

Agosti 1980, mbele ya maelfu ya waumini na wachungaji mjini Dallas, Ronald Reagan aliwaambia kwamba anajua wao hawawezi kumuidhinisha yeye, lakini yeye anawaidhinisha wao. Sentensi moja, na ndoa ikafungwa.

Huyo Reagan alikuwa ameachana kwa talaka na mke wa kwanza, na akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba. Mshindani wake alikuwa Carter, mume wa mke mmoja, mwalimu wa Biblia. Wakamchagua Reagan. Kwa hiyo anayeshangaa ya mwaka 2016 kana kwamba ni kioja kipya, aanzie Dallas.

Mwaka 1998 si walimwandama Rais Clinton kwa sababu ya uzinzi?

Walimwandama kweli. Mwaka huo Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kwamba maadili ya kiongozi ni jambo la lazima, na kwamba taifa likivumilia uovu mkubwa wa viongozi wake dhamiri yake hufa ganzi. James Dobson, mwanzilishi wa Focus on the Family ambaye vipindi vyake vya malezi vilisikika redioni kote, aliwaandikia wafuasi wake waraka mrefu wa kusikitikia taifa linaloona tabia ya rais si kitu. Mwaka 2016 Dobson huyohuyo alimuunga mkono Trump.

Mwaka 2011 PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayetenda maovu faraghani anaweza bado kutenda kazi yake ya umma kwa uadilifu. Kati ya Wazungu wa kiinjili, asilimia 30 walisema ndiyo. Hakuna kundi la dini lililokuwa kali kuliko wao. Mwaka 2016, swali lilelile, asilimia 72. Katika miaka mitano hiyo hakuna aya ya Biblia iliyobadilika. Kilichobadilika ni jina la mgombea.

Wenyewe wanasemaje kuhusu Trump?

Tuwasikilize kwa haki, maana hoja zao si za kijinga.

Kwanza ni majaji. Marekani jaji wa Mahakama ya Juu huteuliwa na rais na hukaa maisha yake yote. Mei 2016 Trump alifanya jambo ambalo mgombea mwingine hakuwahi kulifanya: alichapisha orodha ya majina atakayochagua humo. Akachukua Mike Pence, aliyezoea kujitambulisha kuwa ni Mkristo, mhafidhina na Mrepublican, kwa mpangilio huo, kuwa mgombea mwenza. Akateua majaji watatu. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta hukumu ya 1973. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu. Marais wa Republican waliotangulia waliwaahidi hilo kwa miaka arobaini. Aliyelitimiza ni huyu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Pili, Yerusalemu. Desemba 2017 aliutambua kuwa mji mkuu wa Israeli, Mei 2018 akahamishia ubalozi huko, na katika uzinduzi wachungaji Robert Jeffress wa Dallas na John Hagee wa San Antonio wakaomba. Kwa wanaosoma unabii kwa namna yao, hilo lina uzito kuliko bei ya petroli.

Tatu, woga. Juni 2015 mahakama ilihalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima. Watu waliozoea kuwa wenye nyumba wakajiona wapangaji. Januari 2016, katika chuo cha Kikristo cha Dordt, Iowa, Trump aliwaahidi kwamba akiwa rais Ukristo utakuwa na nguvu. Hakuwaahidi kuwa atakuwa mtakatifu. Jeffress alisema wazi kwamba anayemtaka ni mbabe wa kuwapigania, si mpole.

Na nne, kuna Koreshi. Isaya 45 inamtaja mfalme wa Uajemi, asiyemjua Mungu, ambaye Mungu alimtia mafuta ili awakomboe Wayahudi. Mwaka 2016 mhubiri Lance Wallnau aliisambaza tafsiri kwamba Trump ni Koreshi wa leo. Ni tafsiri tamu kwa mwanasiasa yeyote, kwa sababu kadiri anavyoharibu ndivyo anavyozidi kufanana na mpagani aliyechaguliwa. Nimeisikia pia Nairobi ikitumiwa kwa mgombea wa hapa, na waumini wakasema amina.

Ukiongeza kwamba Marekani ina vyama viwili tu vyenye uwezo wa kushinda, na cha pili kimelishika suala la mimba kwa upande wa kinyume kabisa, utaona kwamba mtu anaweza kukichagua cha kwanza huku ameziba pua. Wengi walianza hivyo mwaka 2016. Swali ni kwa nini kufikia 2024 hawakuwa wanaziba tena.

Hakuna waliokataa?

Wapo, karibu wawili katika kumi, na wamelipa. Desemba 2019 Mark Galli, mhariri wa Christianity Today, jarida lililoanzishwa na mhubiri Billy Graham mwaka 1956, aliandika kwamba Trump aondolewe madarakani. Siku zilizofuata karibu viongozi 200 wa kiinjili walitia saini barua ya kulipinga jarida, na Franklin Graham akasema marehemu baba yake alimpigia Trump kura. Russell Moore, aliyekuwa msemaji wa Wabaptisti wa Kusini kwa masuala ya maadili, alimpinga Trump tangu mwanzo, akaondoka kwenye wadhifa huo mwaka 2021. Mwalimu wa Biblia Beth Moore (hawana undugu), ambaye wanawake wa Kibaptisti walijaza kumbi kumsikiliza, naye alihama dhehebu mwaka huohuo.

Hao ni wenye majina. Mchungaji wa kawaida katika mji mdogo wa Alabama analipwa mshahara na watu walewale anaotaka kuwakosoa. Akigusa siasa zao, Jumapili ijayo viti vya mbele vitakuwa vitupu na fungu la kumi litahamia kanisa la ng'ambo ya barabara. Huku kwetu tunamwogopa askofu. Kule askofu hayupo, anayeogopwa ni mshirika.

Na Wakristo weusi wa Marekani?

Wanaamini Biblia ileile, wanaimba damu ileile ya Yesu, wengi wao hawapendi utoaji mimba wala ndoa za jinsia moja, na kwa miongo mingi zaidi ya wanane katika kumi wamekuwa wakiipigia Democratic. Ukitaka kujua kama mafundisho peke yake ndiyo yanayoamua kura, linganisha kanisa la Kibaptisti la Weusi na la Weupe kwenye barabara moja ya Birmingham.

Sheria inaruhusu kanisa kupigia mgombea debe?

Tangu 1954, kifungu kilichopendekezwa na Lyndon Johnson akiwa seneta kinazikataza asasi zenye msamaha wa kodi, makanisa yakiwemo, kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kwa makanisa kilikuwa kama kibao cha "usitupe takataka hapa": kipo, na takataka zipo. Julai 2025 mamlaka ya kodi iliieleza mahakama moja ya shirikisho huko Texas kwamba mchungaji akizungumzia wagombea na waumini wake ndani ya ibada, hilo halihesabiwi kuwa kosa.

Basi imani ndiyo inayoongoza chama, au chama ndicho kinachoongoza imani?

Hili ndilo swali ambalo mengine yote yanalizunguka. Jibu langu ni kwamba chama kilianza kikiwa chombo cha imani, na sasa mpini uko mkononi mwa chama.

Mwaka 2012 Warepublican walimsimamisha Romney, Mormoni. Kwa Wakristo wa kiinjili Umormoni ulikuwa dhehebu potofu, na tovuti ya huduma ya Billy Graham iliutaja hivyo. Oktoba mwaka huo, baada ya Romney kumtembelea mzee Graham nyumbani kwake, maneno hayo yaliondolewa. Novemba wakampa Romney asilimia 79. Anayedhani theolojia ndiyo iliyopiga kura hiyo anieleze.

Kisha kile kisanduku cha dodoso. Taasisi ya utafiti ya Pew ilifuatilia watu walewale kati ya 2016 na 2020. Miongoni mwa Wazungu waliompenda Trump ambao mwanzoni hawakujiita wa kiinjili, asilimia 16 walikuwa wanajiita hivyo miaka minne baadaye. Hawakuwa wote wamebatizwa. Neno lenyewe limeanza kumaanisha "mtu wa upande wetu".

Halafu mwaka 2024. Ilani ya Republican, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, iliacha kudai marufuku ya kitaifa ya utoaji mimba, Trump akiwa amesema suala hilo ni la majimbo. Jambo ambalo miaka yote tuliambiwa ndilo sababu ya kila kitu lilipunguzwa makali kwenye karatasi. Wapo viongozi walionung'unika. Kura hazikunung'unika.

Sisi yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kuliko wengi wanavyojua. Africa Inland Mission iliweka kituo Kijabe mwaka 1903, na Kanisa la AIC na hospitali zake zina mizizi kwa watu haohao. Mabishano yao pia husafiri. Mwaka 2010 Kenya ikiandika katiba mpya, American Center for Law and Justice, shirika la kisheria lililoanzishwa na mhubiri wa televisheni Pat Robertson, lilikuwa na tawi Nairobi lililoipinga rasimu kwa sababu ya kifungu cha mimba na mahakama za Kadhi. Wakenya waliipitisha kwa takriban theluthi mbili ya kura. Machi 2009 mhubiri Scott Lively wa Massachusetts alihutubia semina Kampala dhidi ya ushoga. Oktoba muswada ukafika bungeni Uganda. Haki itendeke: Rick Warren, mchungaji maarufu wa California, aliukemea muswada huo hadharani Desemba ileile.

Upande wa pili, dawa za ARV. Mpango wa PEPFAR ulitangazwa na Bush Januari 2003, na Wakristo wa kiinjili walikuwa miongoni mwa walioupigania hadi ukapita bungeni. Sijui familia nyingi za Kenya au Tanzania ambazo hazina mtu aliyebaki hai kwa vidonge vile. Januari 2025 serikali mpya ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kutoka kwenye mimbari zilizowahi kuupigania mpango ule zilisikika sauti chache.

Na wakimbizi wa Kongo?

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma.

Moja ya asasi zinazowapokea wakimbizi Marekani ni World Relief, iliyoanzishwa mwaka 1944 na umoja wa kitaifa wa makanisa ya kiinjili. Kwa miaka kadhaa Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote lililopokelewa nchini humo, wengi wao wakisema Kiswahili, wengine wakitokea Nyarugusu, Kigoma, walikokaa zaidi ya miaka ishirini. Waliowalaki uwanja wa ndege walikuwa mara nyingi Wazungu wa kiinjili: wamekodi nyumba, wamejaza jokofu, wamemtafutia mtoto sare, wanamfundisha baba kupanda basi.

Mwaka 2018 Pew iliuliza kama Marekani ina wajibu wa kuwapokea wakimbizi. Wazungu wa kiinjili waliosema ndiyo walikuwa asilimia 25, wachache kuliko kundi lolote la dini. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha mpango wote. Familia zilizokwisha kuuza sufuria na kukabidhi kibanda zikarudishwa kambini. Kwa mwaka wa fedha 2026 kikomo kiliwekwa watu 7,500, kipaumbele wakipewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Nimealikwa kanisani kwao. Niwaulize wanampigia nani?

Usianze na hilo. Wasalimie watoto, kula wali wao usio na chumvi, uwasikilize. Wengi ni watu wema kuliko kura zao, na usidhani huo ni utani. Wakikuuliza umetoka wapi, usijibu "Afrika" ukanyamaza. Waambie kuhusu shangazi yako aliyepigiwa simu Januari 2025 akiwa amefunga mizigo, na kwamba masanduku bado yako chini ya kitanda, Nyarugusu, hayajafunguliwa.